Nyumba Mbili za Emily Dickinson: Iliyosafishwa na Iliyoachwa

Mwaka 1916 nyumba kongwe ya matofali iliyoko Main Street, mjini Amherst, jimbo la Massachusetts, ilipulizwa mchanga kwa shinikizo la hewa mpaka rangi yote ya nje ikabanduka. Wenye nyumba walikuwa wageni, familia ya Parke, na walichokitaka ndicho ambacho mwenye nyumba yeyote wa wakati ule angekitaka: matofali mekundu, safi, ya kupendeza machoni. Walikipata. Ila pamoja na rangi ile uliondoka ushahidi wa jinsi nyumba ilivyoonekana Emily Dickinson alipokuwa akiandika mashairi ndani yake, na iliondoka pia ngozi ya tofali lenyewe.

Umbali wa kutupa jiwe upande wa magharibi palikuwa na nyumba ya pili, ya kaka yake. Hiyo haikutengenezwa na mtu. Karatasi za ukutani zilipauka, mazulia yakalika, vumbi likatulia juu ya vitabu. Leo nyumba zote mbili ni makumbusho moja, na mhifadhi anayeingia ya kwanza kisha ya pili hujifunza jambo ambalo halipendezi kulisema mbele ya wafadhili: nyumba iliyotunzwa vizuri ndiyo iliyopoteza zaidi.

Nani alimiliki nini, na lini

Nyumba ya matofali, iitwayo Homestead, ilijengwa mwaka 1813 na Samuel Fowler Dickinson, babu yake Emily. Inadhaniwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ya matofali mjini Amherst. Mzee huyo alikuwa mwanasheria na mmoja wa waasisi wa Chuo cha Amherst, na alikiingizia chuo hicho mali yake nyingi mno hata akafilisika. Mwaka 1833 nyumba ikawa ya David Mack, naye Samuel akahamia Ohio. Mwanawe Edward alikuwa amekwisha kuingia nusu ya nyumba mwaka 1830, na humo ndimo Emily alimozaliwa tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Familia ikaendelea kukaa kwa kugawana paa na akina Mack hadi 1840, ikahamia nyumba nyingine mjini kwa miaka 15, kisha mwaka 1855 Edward akainunua tena Homestead yote.

Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Edward aliongeza upande wa nyuma wenye jiko, akaweka mnara mdogo wa vioo juu ya paa, baraza upande wa magharibi, na chumba chembamba cha vioo cha kuoteshea maua. Mwaka uliofuata akamjengea mwanawe Austin, aliyemwoa Susan Gilbert, nyumba ya mbao iliyokuja kuitwa The Evergreens. Msanifu wake alikuwa William Fenno Pratt wa Northampton, na mtindo ni wa Kiitalia, uliokuwa fasheni ya wakati ule: mnara, penu pana za paa, madirisha marefu.

Emily alifariki Homestead tarehe 15 Mei 1886. Dada yake Lavinia, aliyeyakuta mashairi ndani ya samani za chumbani na kuhangaika mpaka yakaanza kuchapishwa mwaka 1890, alibaki hapo hadi kifo chake mwaka 1899. Nyumba ikamwangukia Martha Dickinson Bianchi, binti wa Austin na Susan. Martha mwenyewe aliishi Evergreens, Homestead akaipangisha, na mwaka 1916 akaiuza kwa familia ya Parke.

Mlolongo huu una maana kwa fundi, si kwa mwanahistoria peke yake. Mtu anaposema “turudishe nyumba ya mshairi,” swali la kwanza ni: ipi? Emily alizaliwa katika nyumba ya mwaka 1830, isiyo na chumba cha maua wala mnara. Aliandika katika nyumba ya baada ya 1855. Ukichagua miaka ya 1855 hadi 1886, kama makumbusho ilivyofanya kwa sehemu kubwa, umekubali kwamba chumba alimozaliwa hakitaonekana kama alivyokiona mama yake siku ya kujifungua. Uchaguzi huo ni sahihi, lakini ni uchaguzi, na kila bomba, kila swichi na kila choo kilichoingia baadaye hupimwa kwa huo.

Ukuta uliopigwa mchanga

Tofali la mwanzoni mwa karne ya 19 halifanani na la kiwandani leo. Udongo ulikandwa kwa mkono au kwa punda, ukatiwa kwenye kalibu, ukakaushwa juani, kisha matofali yakapangwa kama tanuri na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Yaliyokuwa karibu na moto yaliiva hadi kuwa magumu, ya pembeni yakabaki laini. Na hata tofali moja haliivi sawasawa: uso wake, uliopokea moto moja kwa moja, hufanya ganda gumu lenye vitundu vidogo, unene wa milimita chache, ndani ni laini kama biskuti. Ganda hilo ndilo linalozuia mvua.

Mchanga unaopulizwa kwa hewa hautofautishi rangi na ganda. Unakula vyote viwili, na unakula mota kwa kasi zaidi kwa sababu ni laini kuliko tofali. Matokeo hayaonekani siku hiyo. Ukuta hung'aa, jirani husifu. Kisha huja majira ya baridi ya Massachusetts. Maji huingia kwenye vitundu vilivyoachwa wazi, yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na uso wa tofali hupasuka na kudondoka kama magamba. Sehemu mpya iliyofichuliwa ni laini zaidi, basi hunyonya maji zaidi, na mwaka unaofuata hali ni mbaya kuliko wa jana. Mnamo 1979 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilitoa waraka mahususi wa kuonya dhidi ya kusafisha majengo ya kale kwa njia za kukwaruza. Kwa Homestead onyo lilichelewa miaka 63.

Kosa la pili, ambalo kwa kawaida huja mkono kwa mkono na la kwanza, ni saruji. Mota ikishaliwa, fundi huijazia. Nyumba ya 1813 ilishikwa kwa chokaa na mchanga, mota laini inayopitisha mvuke. Ukuta unapovimba kwa joto na kunywea kwa baridi, ni viungo vinavyobonyea, tofali linapona. Ukijaza viungo hivyo kwa saruji, umegeuza mambo: kiungo sasa ni kigumu kuliko tofali, unyevu uliokuwa ukitokea kwenye kiungo unalazimika kutokea kwenye tofali, na ni tofali linalovunjika. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu wanaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea, chumvi hutuna nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu huanguka mapande mapande.

Namna ya kurekebisha ukuta wa aina hii si siri, ila inahitaji subira ambayo wakandarasi wengi hawana. Anza na mifereji ya paa. Usiguse tofali kabla maji ya juu hayajapata njia, maana nusu ya matatizo ya kuta yanatoka huko. Kisha kwangua mota mbovu kwa patasi na nyundo ndogo, kwa kina cha mara 2 hadi 2.5 ya upana wa kiungo. Mashine ya kukatia ni haraka, lakini mkono ukiteleza mara moja inakata kingo za tofali, na kingo hazirudi. Lowanisha kiungo bila kukiacha kikichuruzika. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa ujazo, mchanga wa chembe zinazofanana na za zamani. Ndio unaotoa rangi ya mota, si chokaa. Jaza kwa tabaka za milimita 6 hivi, kila moja ikaze kabla ya inayofuata. Funika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa haikauki tu, inavuta hewa ya kaboni na kugeuka jiwe taratibu, na ikikauka mapema inakuwa unga. Kazi hii haifanywi kipindi cha baridi kali.

Ganda la tofali halirudishwi na yeyote. Kinachowezekana ni kulivika tofali nguo. Ndiyo maana hatua ya mwaka 2004, Homestead ilipopakwa tena rangi ya manjano ya udongo na mbawa za madirisha zikawa kijani, ilikuwa na faida mbili. Mgeni aliiona kama sura ya karne ya 19 imerejea. Ukuta wenyewe ulipata koti. Sharti ni kwamba rangi iwe ya kupitisha mvuke. Rangi ya plastiki juu ya tofali lililochubuliwa hufungia maji ndani, na magamba yatatokea nyuma ya rangi ambako hakuna anayeyaona mpaka yaanguke.

Kuna watu wa Amherst waliozoea nyumba nyekundu maisha yao yote, na si ajabu kwamba manjano iliwashtua. Nyekundu iliyokuwa kwenye kadi za posta ilikuwa ya 1916.

Kusoma rangi iliyokwisha kuondolewa

Mtu atauliza, kama rangi iliondolewa, walijuaje? Mchanga haufiki kila pembe. Hubaki vipande ndani ya viungo, chini ya penu za paa, nyuma ya bawaba, mahali mbao mbili zinapokutana. Kipande cha ukubwa wa punje ya mtama kinatosha, ilimradi kiwe na tabaka zote hadi kwenye mbao au tofali.

Kipande hicho hukatwa kwa kisu cha upasuaji, huandikwa mahali kilipotoka kwa usahihi wa sentimita, humwagiwa gundi ya resini ikaganda, kisha hukatwa na kung'arishwa ubavuni. Chini ya darubini ya kukuza mara 100 hadi 200 tabaka huonekana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mstari mweusi kati ya tabaka mbili ni uchafu: maana yake rangi ya chini ilikaa hewani miaka mingi kabla ya kupakwa tena. Pasipo mstari, rangi zote mbili ni za kazi moja, ya chini ni ya kwanza tu. Wengi hukosea hapo, wakaichukua rangi ya msingi wakidhani ni rangi ya nyumba.

Kosa jingine ni kulinganisha rangi siku ileile. Rangi ya mafuta ya kitani ikikaa gizani hugeuka njano. Kipande kilichofichwa karne nzima chini ya ubao huonekana cha njano kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo huachwa kwanza kwenye mwanga siku kadhaa ndipo kilinganishwe na kadi za vipimo vya rangi. Nyumba inayotarajiwa kuwa ya manjano ndiyo mahali pa mwisho pa kuruka hatua hii.

Chumba cha kona

Chumba cha Emily kiko ghorofa ya juu, kona ya kusini-magharibi. Madirisha mawili yanatazama kusini, barabarani, mawili magharibi, kwa kaka yake. Aliyekaa hapo aliuona mji wote ukipita na aliona taa ya nyumba ya Susan ikiwaka. Habari kwamba alikuwa mtu wa kujifungia ni kweli kwa miaka yake ya mwisho, lakini chumba chenyewe si shimo. Ni kama roshani ya mlinzi.

Kwa miongo mingi wageni walikiona cheupe, kimepakwa rangi, sakafu tupu. Kililingana na gauni jeupe alilokuwa akivaa Emily na hekaya kwamba aliishi kama mtawa, na watu walitoka wameridhika. Kazi iliyokamilika mwaka 2015 iliivunja picha hiyo. Vilipatikana vipande vya karatasi ya ukutani ya zama za Dickinson, vyenye waridi na majani ya kijani yanayotambaa, vikachorwa upya hadi mchoro kamili ukapatikana, na chumba chote kikabandikwa. Sakafuni ukatandikwa mkeka wa nyasi. Mshairi wa mistari mikavu na mifupi alilala ndani ya bustani ya waridi.

Vipande kama hivyo hutafutwa mahali fundi mvivu alipopita. Karatasi mpya inapobandikwa, ile ya zamani hubanduliwa ukutani, lakini nani atang'oa fremu ya mlango au ubao wa chini ya ukuta kwa ajili ya ukanda wa vidole viwili? Basi hubaki nyuma ya fremu, ndani ya kabati za ukutani, nyuma ya kabati la vitabu lililopigiliwa. Fremu hung'olewa kwa bapa jembamba la chuma, msumari mmoja baada ya mwingine, na misumari haitupwi. Msumari uliokatwa kwenye bamba la chuma, wenye ubavu wa mstatili, ni wa karne ya 19 kwa sehemu kubwa. Wa waya, wa mviringo, ulienea kuanzia miaka ya 1890. Ubao uliopigiliwa kwa misumari ya waya umeshaguswa baada ya Emily kufa, hata kama ubao wenyewe ni mkongwe. Kilicho nyuma yake kisomwe kwa tahadhari.

Kisha tabaka huhesabiwa kama rangi. Karatasi ya matambara ni ya kale kuliko ya massa ya mti. Mchoro ulionakshiwa kwa vibao vya mkono huacha kingo zilizotuna. Wa mashine ya mitungi ni laini na wino ni mwembamba. La kutafuta ni urefu wa mrudio, yaani kutoka waridi moja hadi pacha wake wa juu. Ukiwa na kipande kinachofika mrudio mmoja, ukuta mzima umeupata. Ukiwa na nusu tu, nusu ya pili ni kazi ya mchoraji, na ni uungwana kuandika hivyo kwenye jalada la mradi.

Glovu na barakoa ni lazima. Kijani nyingi za karatasi za karne ya 19 zilitengenezwa kwa arseniki, na rangi za mbao za wakati huo zina risasi. Anayezipiga msasa pakavu anajitilia sumu mapafuni.

Chumba cha vioo

Homestead ilipokuwa ya Emily, chumba kidogo cha maua kilishikamana na ukuta wake, nacho kilimfaa kuliko vyote wakati wa theluji. Alikuza humo kangaga, yasmini, gadenia na mimea mingine ya nchi za joto. Kwenye barua ya mwaka 1866 alisema kuwa kwake ni kuvuka sakafu tu awe amesimama Visiwa vya Viungo. Msomaji wa Pemba atatabasamu, ingawa kwa Wamarekani wa enzi hiyo jina hilo lilikuwa la Maluku, upande wa Indonesia.

Mwaka ule ule wa mchanga, 1916, chumba hicho kilivunjwa. Lakini mtu mmoja, kwa uchumi wa kawaida wa watu wa New England wasiopenda kutupa dirisha zima, aliziweka fremu za madirisha, mbawa zake na mlango. Zilikaa karne nzima. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipochimba chini ya ukuta, walitafuta msingi wake, na mwaka 2017 chumba kikasimama tena mahali pake, kikiwa na sehemu za asili ndani yake.

Hapa pana somo la vipimo. Fremu ya zamani ikiwepo, haikupi dirisha tu. Inakupa urefu wa ukuta, unene wa nguzo, mteremko wa kizingiti, hata idadi ya vioo kwa safu. Msingi uliochimbwa unakupa upana. Picha ya kale inakupa paa. Vitu vitatu vikikubaliana, jengo linajengwa bila kubahatisha. Viwili vikigombana, huwa ni picha inayodanganya, kwa kuwa kamera hupinda mistari na msingi haupindi.

Ghala la nyuma, lililoondolewa pia baada ya familia ya Dickinson kuondoka, halikupata bahati hiyo, nalo lilikuwa na historia yake. Siku ya maziko, kwa matakwa ya Emily, jeneza lilitolewa kwa mlango wa nyuma, likapita bustanini na ndani ya ghala lililo wazi, kisha likakata mashamba hadi makaburini, limebebwa na wanaume sita wa Kiayrishi waliowahi kufanya kazi kwa familia. Mgeni wa leo anaweza kuonyeshwa mlango. Njia imekatika.

Nyumba iliyoachwa

The Evergreens ina kisa cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1883 mtoto wa mwisho wa Austin na Susan, Gib, alikufa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 8, na chumba chake kikabaki na vitu vyake. Susan akafa, Martha akazeeka humo akichapisha mashairi ya shangazi yake, akafa mwaka 1943. Wasia wake uliagiza kwamba warithi wake wakiacha kuishi humo, nyumba ibomolewe mpaka msingi. Aliogopa wageni wenye mchanga, mtu anaweza kusema, kuliko alivyoogopa mchwa. Nyumba ilirithiwa na Alfred Leete Hampson, kisha na mjane wake Mary, aliyekaa humo hadi kifo chake mwaka 1988, na ambaye kwa busara yake alifanya njia ili wasia usitimizwe. Amana iliyoundwa baada yake ikaishika nyumba, na mwaka 2003 ikaunganishwa na Homestead, ambayo Chuo cha Amherst kilikuwa kimeinunua kwa familia ya Parke mwaka 1965. Makumbusho ya Emily Dickinson ikazaliwa.

Ndani ya Evergreens karatasi ya ukutani si nakala. Picha ziko kwenye misumari zilipotundikwa. Mazulia yana matundu. Mtu wa haraka ataingia na ndoo ya rangi. Mtu wa kazi hii anaingia mikono nyuma. Kazi hapa si kurudisha bali kuzuia, na ni ngumu zaidi, kwa sababu ikifanikiwa haionekani.

Kwanza ni kuorodhesha: kila ukuta unapigwa picha na kipimo cha rangi pembeni, kila kitu kinapewa namba pale kilipo kabla hakijasogezwa. Vumbi huvutwa kwa mashine yenye nguvu ndogo, wavu laini ukiwa mbele ya mdomo wake ili uzi uliolegea usiende. Karatasi inayoning'inia hurudishwa kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani nyuma yake. Gundi hiyo inaweza kulowanishwa na kutolewa baada ya miaka 50, akija mtu anayejua kuliko sisi. Gundi ya dukani haitoki. Mwanga hupunguzwa hadi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) kwenye vitambaa na karatasi. Giza hilo huwaudhi wageni, na msimamizi hana budi kuvumilia manung'uniko.

Mtego mkubwa ni unyevu. Vitabu husema karatasi na mbao hupenda unyevu wa asilimia 50 hivi. Nje kukiwa na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hewa ikiingizwa ndani na kupashwa joto la sebuleni hushuka unyevu hadi chini ya asilimia 20, mbao zinapasuka. Meneja mpya huleta mashine ya kutoa mvuke. Kipimo cha chumbani kinasoma 50, kila mtu anafurahi, na ndani ya ukuta mvuke unagota kwenye mbao baridi na kuwa maji. Miaka michache baadaye ukungu unatokea kwenye pembe ya kaskazini. Nyumba ya 1856 haina utando wa kuzuia mvuke. Dawa yake ni kupunguza joto badala ya kuongeza maji: acha nyumba iwe ya nyuzi 10 hadi 13 wakati hakuna wageni, unyevu utapanda wenyewe, na uruhusu kipimo kiyumbe polepole na majira badala ya kukifunga kwenye namba moja mwaka mzima.

Vitu visivyokuwepo

Meza ndogo ya Emily, ya mti wa mcheri, yenye mraba wa kama sentimita 45 tu, haiko Amherst. Iko Maktaba ya Houghton ya Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na samani nyingine na hati nyingi, tangu mwaka 1950. Gauni jeupe lililosalia ni la chama cha historia cha mji. Chumbani kuna nakala. Kwa hiyo mtu anayesimama kona ile ya kusini-magharibi amezungukwa na ukuta wa kweli, madirisha ya kweli, karatasi iliyochapwa upya, na meza ya fundi wa juzi.

Homestead ilipofunguliwa tena Agosti 2022 baada ya matengenezo makubwa ya ndani, liliongezwa jambo la kushangaza zaidi: samani na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni kuhusu maisha ya mshairi, vilivyotolewa zawadi kwa makumbusho. Baadhi ya wahafidhina walikunja uso. Hoja yao si ya kupuuzwa, lakini vifaa hivyo vilibuniwa na watu waliochunguza zama hizo, havina thamani ya ukale, na vinaweza kuwekwa karibu na wageni bila kamba wala kengele. Kiti cha mwaka 1850 hakikaliwi na mtu, na zulia la mwaka 1850 halikanyagiki na watu mia kwa siku. La lazima ni kibao kinachosema wazi hiki ni cha lini na kilitoka wapi.

Njia ya kutoka Homestead kwenda Evergreens ni fupi. Mgeni hutoka kwenye waridi zilizochapwa upya, anapita nyasi, na dakika chache baadaye yuko mbele ya karatasi iliyopauka katika nyumba ambako Emily mwenyewe alikuwa akija kumtembelea Susan. Nyingi ya picha za simu hupigwa kwenye nyumba ya kwanza.